Sheria kali ya uzito yaweza kumlipa msafirishaji

Wasafirishaji wengi huhesabu kila kanuni mpya kuwa ni gharama. Profesa Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipinga dhana hiyo mwaka 1991. Mwaka 1995, akishirikiana na Claas van der Linde, alieleza kuwa kanuni ya mazingira iliyotungwa vizuri huisukuma kampuni kubuni mbinu mpya, na akiba inayopatikana huweza kufidia gharama, yote au sehemu yake. Sharti ni kwamba serikali iweke lengo, lakini njia ya kulifikia imwachie mfanyabiashara.

Hoja hiyo yaweza kupimwa pia kwenye mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori na shehena yake. Tuseme lori na tela tupu vina tani 19. Shehena itakuwa tani 37. Tela likiwa jepesi kwa tani 2, utabeba tani 39 kihalali, kila safari.

Wapo wanaopinga. Wachumi Palmer, Oates na Portney walijibu mwaka huo huo wa 1995 kuwa kama faida hiyo ingekuwapo, wenye kampuni wangeshaichukua bila kushurutishwa.

Kwa hiyo, linganisha bei ya tela na mapato ya tani hizo mbili kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo itakubali tu iwapo mizani zote njiani ni kali sawasawa. Mshindani akipitisha tani 60, aliyenunua tela jepesi ndiye atakayeumia.