AFYA YAKO: KUKU WAKIFA GHAFLA, TUSIKIMBILIE SUFURIA

Mwaka jana, wakati wa baridi kali ya mwezi wa saba, mama mmoja alikuja katika zahanati ninayofanyia kazi. Macho yake yalikuwa mekundu na yanatoa machozi. Alikuwa na homa na kikohozi. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikampa dawa ya macho na ya kutuliza homa, akaenda nyumbani. Baada ya siku 5 alipona.

Siku zilizofuata nikasikia kwamba kuku wake 14 walikufa kwa siku 3. Mwenyewe alinyonyoa 9. Waliobaki aliwagawia majirani. Nikamwendea nyumbani nikamwuliza mbona hakuniambia. Akajibu, "Daktari, wewe uliniuliza habari za macho. Habari za kuku hukuniuliza."

Alisema kweli. Kosa lilikuwa langu. Kufikia hapo mifupa ilikwisha kuliwa na mbwa na manyoya yalikwisha kuchomwa. Mpaka leo hatujui kuku wale waliuawa na ugonjwa gani. Wala hatujui macho ya yule mama yaliugua nini. Ndiyo maana leo nimeona tuzungumze juu ya jambo hili.

MAGONJWA MAWILI YANAYOFANANA

Sisi wafugaji wa kuku wa kienyeji hapa Iyunga, na kote Mbeya na Iringa, tunaujua mdondo. Wengine huuita kideri. Kuku anasinzia, mbawa zinashuka, anaharisha choo cha kijani, shingo inapinda, anakufa. Banda zima linaweza kwisha kwa wiki moja.

Lakini uko ugonjwa mwingine unaofanana sana na mdondo. Huo ni mafua makali ya ndege. Nao huua kuku wengi kwa ghafla. Kwa kutazama kwa macho tu, hata mtaalamu wa mifugo mwenye uzoefu hawezi kusema kwa hakika ni upi kati ya hayo mawili. Ni lazima maabara iseme.

Kwa binadamu magonjwa haya hayalingani. Mdondo unaweza kumwambukiza mtu anayeshika kuku wagonjwa. Kwa kawaida macho huwa mekundu siku chache, kisha hupona. Mafua makali ya ndege yanaweza kuua mtu. Tangu mwaka 2003, Shirika la Afya Duniani limepokea taarifa za watu zaidi ya 900 walioambukizwa aina moja ya mafua hayo iitwayo H5N1. Karibu nusu yao walikufa. Wengi walikuwa watu walioshika kuku au bata: wafugaji, wachinjaji, wauzaji, na akina mama waliowanyonyoa nyumbani.

KIRUSI KINA MAANDISHI NDANI YAKE

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi. Kirusi ni kidogo mno. Hakionekani hata kwa darubini tunayotumia kutafuta vijidudu vya malaria. Ndani yake kina maelekezo ya maisha yake: namna ya kuingia katika mwili na namna ya kuzaa virusi wengine. Wataalamu huyaita maelekezo hayo vinasaba. Sisi tuyaite maandishi ya kirusi.

Wewe uliyejifunza kusoma utalielewa jambo hili upesi. Kiswahili tunakiandika kwa herufi 24. Maandishi ya kirusi yana herufi 4 tu, zinazojirudia katika mpangilio mbalimbali. Maandishi ya kirusi cha mafua yana herufi kama 13,500, nazo zimegawanyika katika vipande 8. Maandishi ya kirusi cha mdondo yana herufi kama 15,000 katika kipande kimoja kirefu.

Kirusi kikizaa, hunakili maandishi yake yote. Hunakili haraka haraka, na kila mara hukosea herufi hapa na pale. Je, kosa la herufi moja lina madhara? Soma sentensi hizi mbili:

KUKU AMEKULA.
KUKU AMEKUFA.

Herufi moja tu imebadilika. Lakini nyumba ya kwanza ina furaha na ya pili ina hasara. Kwa kirusi ni hivyo hivyo. Makosa mengi hayana maana. Lakini mara chache kosa moja hukipa kirusi cha ndege nguvu mpya ya kukaa katika mwili wa mtu.

Tena liko jambo la pili. Virusi viwili vya mafua vya aina mbalimbali vikikutana katika mwili mmoja, vipande vyao 8 vinaweza kuchanganyika. Ni kama madaftari mawili yaliyofumuka, kurasa zikachanganyika, kisha mtu akashona daftari la tatu. Hilo la tatu hakuna aliyepata kulisoma.

MAANDISHI HAYO HUSOMWAJE?

Mtaalamu huchukua kijiti chenye pamba. Kwa kuku, hukipitisha mdomoni au katika njia ya kinyesi. Kwa mtu, hukipitisha puani au kooni. Hukitia katika kichupa chenye maji maalumu na kukihifadhi katika sanduku lenye barafu. Sampuli ya kuku hupelekwa kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo ina kituo Iringa na maabara kuu Temeke, Dar es Salaam. Sampuli ya mtu hupitia hospitali, nayo huweza kufika katika Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, Dar es Salaam.

Kipimo cha kwanza huuliza: ni mafua au siyo? Kama ni mafua, mashine husoma herufi moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Kisha wataalamu hulinganisha maandishi hayo na yale yaliyosomwa nchi nyingine. Wanaona kirusi hiki ni cha ukoo gani, kimetoka wapi, na kama kimebadilika.

KUSOMA HUKO KUMESAIDIA NINI?

Mwaka 1997 katika mji wa Hong Kong watu 18 waliugua mafua ya H5N1, na 6 walikufa. Maandishi yaliposomwa, vipande vyote 8 vilionekana kuwa vya ndege. Kwa hiyo kirusi kilitoka kwa kuku moja kwa moja kwenda kwa mtu, bila kuchanganyika kwanza na mafua ya binadamu. Kuku wote wa mji ule, karibu milioni moja na nusu, waliuawa. Wagonjwa wapya walikoma.

Mwaka 2003 nchini Uholanzi watu 89 waliambukizwa mafua ya ndege ya aina nyingine, H7N7. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi ya kuua na kuondoa kuku wagonjwa. Wengi walipata macho mekundu tu, kama yule mama wangu. Lakini daktari mmoja wa mifugo alipata homa ya mapafu, akafa. Maandishi ya kirusi chake yaliposomwa, yalikutwa na mabadiliko kadhaa. Moja lilikuwa badiliko linalojulikana kukisaidia kirusi kuzaana katika mwili wa mnyama anayenyonyesha, kama mtu. Badiliko lile laweza kuletwa na herufi moja.

Mfano wa karibu yetu ni Uganda. Mwezi Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Kisha kuku na bata wa watu wakafa wilayani Masaka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walisoma maandishi ya kirusi. Ilikuwa aina ya H5N8, ya ukoo ule ule uliokuwa ukiua ndege Ulaya na Asia. Ndege wanaohama hawana pasi wala mpaka. Ziwa lile ni letu pia.

Wakati huo hakuna mtu popote aliyekuwa amethibitishwa kuambukizwa aina ya H5N8. Lakini Desemba 2020, katika shamba la kuku kusini mwa Urusi, kuku 101,000 kati ya 900,000 walikufa. Wafanyakazi wa shamba walipimwa. 7 walikutwa na kirusi hicho. Hawakuwa na dalili yoyote! Maabara ilisoma maandishi na kuthibitisha kuwa ni H5N8. Watu waliokaa nao wakachunguzwa, na haikuonekana kuwa walimwambukiza yeyote. Bila kupima na kusoma, hakuna ambaye angejua.

"WANATUCHUKUA DAMU"

Wako wanaokimbia wakiona mganga na kijiti. Wanasema tunachukua damu ya kuuza. Ndugu msomaji, si kweli. Kijiti kinachukua kamasi na mate tu. Kinachotafutwa ni maandishi ya kirusi, si siri zako wala za ukoo wako. Una haki ya kuuliza sampuli inakwenda wapi na majibu yatarudi lini. Mganga anapaswa kukujibu.

Lakini fahamu kwamba maandishi ya kirusi huharibika upesi. Kuku akioza juani, herufi zake hukatika vipande. Mgonjwa akichelewa siku nyingi, kirusi hupungua. Taarifa ya leo ina faida kuliko taarifa ya wiki ijayo.

TUFANYE NINI?

1. Kuku wengi wakifa ghafla, mwambie afisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

2. Usile kuku aliyekufa mwenyewe, na usichinje kuku mgonjwa. Usimwuze wala usimtupe bondeni au mtoni. Akiisha kuchukuliwa sampuli, mchome au mfukie katika shimo refu.

3. Ukilazimika kumshika, funika mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Usijiguse machoni. Kisha nawa kwa sabuni, na ufue nguo ulizovaa.

4. Usilale na kuku chumba kimoja. Najua tunaogopa baridi, wezi na vicheche. Basi tujenge banda lenye mlango imara. Watoto wasichezee kuku wagonjwa.

5. Kuku mzima pika mpaka nyama iive kabisa, isiwe na wekundu. Mayai nayo yaive. Moto huua kirusi.

6. Kuku mgeni aliyetoka mnadani au katika tenga la mchuuzi, mtenge kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

7. Chanja kuku wazima dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 3, kwa chanjo ya matone ya I-2: tone moja katika jicho moja. Tone likikuingia wewe jichoni, osha kwa maji mengi. Chanjo hii haizuii mafua ya ndege. Lakini ina faida ya pili: kuku waliochanjwa vizuri wakifa kwa wingi, tutajua mapema kwamba liko jambo jingine.

8. Ukipata homa, kikohozi, macho mekundu au kupumua kwa shida ndani ya siku 10 baada ya kushika kuku wagonjwa, nenda zahanati mara moja. Mganga asipokuuliza habari za kuku, mwambie mwenyewe. Dawa ya kupambana na kirusi hiki ipo, na hufaa zaidi ikianza mapema.

Mimi sasa nimeandika swali moja katika karatasi na kulibandika mezani pangu: "Nyumbani kuna kuku waliokufa?" Namwuliza kila mgonjwa mwenye homa na kikohozi. Yule mama aliponiona nalo alicheka. Lakini kuku wake wapya wamechanjwa, nao wanalala bandani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini hatuwezi kutofautisha mdondo na mafua makali ya ndege kwa macho?
2. Tafuteni maneno mengine mawili yanayobadilika maana kwa kubadili herufi moja.
3. Katika mtaa au kijiji chenu, kuku wakifa leo jioni, nani ataambiwa kwanza?
4. Familia maskini ikipoteza kuku wote, majirani waisaidieje ili isishawishike kuuza waliokufa?