Namba, Idadi na Manamba: Neno "Number" katika Kiswahili cha Pongwe na Mashamba ya Mkonge ya Tanga

Neno la Kiingereza *number* hubeba pamoja dhana ambazo Kiswahili huzitenganisha. Wingi wa vitu ni idadi. Alama inayoandikwa ni tarakimu. Kitambulisho ni namba. Na wanasarufi hutaja umoja na wingi. Kiswahili kilipolikopa neno hilo hakikulitwaa pamoja na mzigo wake wote. Mkazi wa Pongwe huuliza *namba ya nyumba* anapomtafuta mtu, na *idadi ya nyumba* anapotaka kujua ukubwa wa mtaa, wala hayachanganyi mawili hayo. Ni katika hisabati ya shuleni ndipo namba ilipojipanua: *namba witiri*, *namba shufwa* na *namba tasa*.

Umbo lenyewe lina historia yake. Tanga ilitawaliwa na Wajerumani kabla ya Waingereza, na Kijerumani kina *Nummer*. Hata hivyo, *Nummer* haina *b*, na irabu yake ingetarajiwa kubaki *u*, kama *Schule* ilivyozaa *shule*. Irabu ya *number*, kwa upande mwingine, hugeuka *a*, kama ilivyo katika *basi* na *klabu*. Namba, basi, ni mkopo wa Kiingereza. Umbo *nambari*, lenye *r*, limepitia mlango wa pili: *nambar* ya Kihindi, ambayo nayo chimbuko lake ni Kiingereza.

Palipo na uzito zaidi ni katika *manamba*. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ulihitaji vibarua wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuajiriwa. Wenyeji walikuwa na mashamba yao na, si ajabu, walijua ugumu wa kazi ile. Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi na wengineo wakaletwa kwa mikataba kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kuajiri vibarua. Mtu wa mkataba alipewa namba, akaandikwa kwayo, akaitwa kwayo. Jambo la kutazamwa ni kwamba majani ya mkonge yalihesabiwa kwa matita, yaani kwa idadi. Aliyeyakata ndiye aliyekuwa na namba.

Kisarufi, neno hili halifuati mkondo wa namba. *Namba hii* na *namba hizi* ni za ngeli ya [i-/zi-]. *Manamba*, kinyume chake, huchukua upatanisho wa viumbe: *manamba huyu amefika*, *manamba hawa wamefika*. Kiambishi *ma-* hakidondoki katika umoja, kwani *\*namba huyu* haisemeki. Tofauti na *daktari/madaktari*, hapa *ma-* imeganda, na mtu mmoja huitwa kwa umbo lililoanza kama wingi. Kwa sababu hiyo, kamusi zinazoliingiza manamba kama kidahizo cha pekee zinafanya sawa. Pungufu ni pale zinaposahau kumrejesha msomaji kwenye namba, kwa kuwa bila rejeo hilo maana ya "kibarua wa mkataba" huonekana kuwa ya kinasibu. Maana hiyo, zaidi ya hayo, haikuwa na adabu: kumwita mtu manamba kulikuwa kumwambia kwamba hana kwao hapa.

Nchini Kenya manamba ni mpiga debe au utingo wa matatu, ambaye hunadi gari lake katika njia zinazotambulishwa kwa namba. Mkonge haumo tena katika maana hiyo, lakini *ma-* iliyoganda imo.

Katika lugha ya soka ya Tanzania, namba ni nafasi katika kikosi cha kwanza. Huko mchezaji *hugombea namba*, *hupata namba* na, akiumia muda mrefu, *hupoteza namba*. Kocha akimweka benchi, watu husema *hana namba*.