Baba aliyegandisha maji uani ili watoto wacheze hoki

Mzazi anayependa mchezo fulani huwa na tamaa moja ya chinichini: mtoto wake naye aupende. Baba shabiki wa soka hununua jezi kabla mtoto hajaanza kutembea. Mama aliyecheza netiboli shuleni humwangalia binti yake wa chekechea na kukadiria atakuwa mrefu kiasi gani. Hakuna ubaya hapo. Shida huanza pale mapenzi ya mzazi yanapogeuka kuwa kazi ya mtoto.

Anayetaka kuona jambo hili likienda vizuri, na pia mahali linapoingia doa, amtazame Walter Gretzky, fundi wa kampuni ya simu aliyeishi Brantford, katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Huku kwetu hoki ni mpira wa magongo unaochezwa kwenye nyasi. Kwa Wakanada, hoki ni ya barafuni. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini na kuteleza navyo, na badala ya mpira hugombania kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi.

Mwanawe wa kwanza, Wayne, alizaliwa Januari 1961. Akiwa na miaka miwili alikuwa tayari anacheza sebuleni na bibi yake. Bibi aliketi kwenye kiti chake kama golikipa, mjukuu akimpigia mashuti kwa kigongo kidogo. Umri huohuo akavishwa viatu vya kutelezea kwa mara ya kwanza, kwenye mto ulioganda karibu na shamba la babu.

Baadaye Walter alikuwa akimpeleka mtoto kwenye bustani ya mji yenye barafu na kusimama kando akimsubiri, huku yeye mwenyewe akiganda kwa baridi. Alichoka. Akaamua kumwaga maji uani kwake, yakaganda, kikawa kiwanja. Sasa aliweza kumwangalia mtoto kupitia dirisha la jikoni akiwa kwenye joto. Inasimuliwa kwamba kifaa chake cha kumwagilia nyasi kiliwahi kuharibika katikati ya majira ya baridi, akamtuma mkewe Phyllis dukani kununua kingine. Muuzaji akamwona mama huyo kama mtu aliyerukwa na akili, maana nani humwagilia nyasi zilizofunikwa na theluji?

Ni vizuri kuangalia sababu ya kiwanja kile. Hakikujengwa ili kumtengeneza bingwa. Kilijengwa kwa sababu mtoto hakutaka kurudi ndani na baba alitaka kukaa penye joto. Walter alimfundisha, ndiyo. Alipanga makopo juu ya barafu ili mtoto ayazunguke na kisahani bila kuyagusa. Lakini aliyekuwa akitoka nje kabla ya shule, na tena baada ya shule, alikuwa ni mtoto mwenyewe.

Kiangazi kilipofika, viatu vya barafu viliwekwa kando. Wayne alicheza besiboli na mchezo mwingine wa magongo uitwao lakrosi. Hapo familia ile ilitangulia ushauri ambao madaktari waliutoa miaka mingi baadaye. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja pekee hadi afikishe walau miaka 15 au 16, na apate siku moja au mbili za kupumzika kila wiki. Mwili unaokua ukirudia mwendo uleule mwaka mzima, viungo huumia kwa kutumika kupita kiasi. Akili nayo huchoka, na mtoto huishia kuuacha mchezo aliokuwa akiupenda.

Alipokuwa na miaka sita aliingia timu ya watoto wa miaka kumi. Jezi ilimwelea, ikawa inamzuia kupiga, hivyo baba akamchomekea upande wa kulia. Msimu mzima alifunga bao moja. Wayne aliendelea kuchomekea jezi upande huo hadi anastaafu.

Alipofikisha miaka kumi alifunga mabao 378 katika msimu mmoja, na hapo ndipo mambo yalipoingia uchungu. Wazazi wa watoto wengine walianza kumchukia. Wapo waliokuja uwanjani na saa za kuhesabu sekunde ili wapime anakaa kwenye barafu muda gani kuliko watoto wao. Mwaka 1975, katika mechi iliyochezwa Toronto, watu wa mji wake mwenyewe walimzomea. Akiwa na miaka 14 akahama nyumbani kwenda kuishi na familia nyingine huko Toronto. Mtoto wa umri huo anakimbia mji wake, na wanaomkimbiza si wapinzani wake uwanjani. Ni watu wazima waliokaa kwenye viti vya watazamaji.

Ukienda kwenye bonanza la shule Jumamosi yoyote utawakuta watu wa aina hiyo. Wanamfokea refa, wanamsema kwa sauti mtoto wa jirani, kisha njiani kurudi nyumbani wanamhoji mtoto wao kama mshtakiwa. Mtoto wa miaka saba anahitaji kuulizwa kama amefurahi na kama ana njaa.

Wayne alimaliza kucheza ligi kuu ya Amerika Kaskazini akiwa na pointi 2,857. Mdogo wake wa mwisho, Brent, alicheza kwenye uani uleule chini ya baba yuleyule, akaishia mechi 13 na pointi nne katika ligi hiyo. Wazazi wanaotafuta fomula ya kutengeneza nyota wakumbuke hizo pointi nne.

Mwaka 1991 Walter alipata kiharusi. Alipona, lakini kumbukumbu za miaka mingi zilipotea, ikiwemo miaka ya 1984 hadi 1988 ambamo mwanawe alibeba kombe mara nne. Hata hivyo alirudi kwenye viwanja vya watoto wa Brantford, akaendelea kuwafundisha na kuwatazama. Alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 82.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya magongo. Kenya ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la 1971 mjini Barcelona, na Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hata barafu imewahi kufika: Nairobi ilipata kiwanja cha barafu hotelini mwaka 2005, na wachezaji wake wa timu ya Ice Lions walialikwa Kanada mwaka 2018.

Kwa mtoto mdogo, anza na mpira wa tenisi na kigongo chepesi kisichozidi kiuno chake, kwenye ua uliofagiwa. Mpira halisi wa magongo ni mgumu na una uzito wa gramu 156 hadi 163, kwa hiyo usubiri hadi awe na kinga ya meno na kinga za ugoko. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka mitatu na minne wachangamshe mwili dakika 180 kwa siku, na wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60. Dakika hizo si lazima ziwe za mazoezi ya kupangwa. Kukimbizana kunahesabika, na bibi akikaa golini kwenye kiti chake, hilo nalo linahesabika.