Baruti Chini ya Maji: Somo Kutoka Miamba ya Pwani ya Tanzania

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Tulipokuwa maofisa wanafunzi, mkufunzi wetu wa uhandisi wa medani alituuliza swali lililoligawa darasa zima. Tuseme, alianza, watu wawili wako umbali ulio sawa kutoka kwenye mlipuko wa baruti ya kipimo kimoja. Wa kwanza yuko nchi kavu na mlipuko wake uko nchi kavu. Wa pili amezama majini na mlipuko wake uko majini. Je, ni yupi aliye katika hatari kubwa zaidi? Wengi wetu tulijibu kwa haraka kwamba ni yule wa nchi kavu, kwa kuwa maji ni mazito, na kitu kizito humkinga mtu.

Mkufunzi alitikisa kichwa. Hewa, alisema, hubonyea, na kwa hiyo mshindo unaopita hewani hupoteza nguvu zake upesi. Maji hayabonyei kwa urahisi. Huuchukua mshindo na kuupeleka mbali, kwa kasi ya mita zipatazo 1,500 kwa kila sekunde, ambayo ni zaidi ya mara nne ya kasi ya sauti katika hewa. Ukimfikia mtu hupita ndani ya nyama, kwa sababu sehemu kubwa ya nyama ni maji, na unapofika penye hewa, yaani mapafuni na matumboni, hapo ndipo hupasua.

Somo lile tulilifanyia mtihani, tukalifaulu, na mimi kwa upande wangu nikalisahau. Nimelikumbuka tena nilipokuwa nikisoma habari za uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa viumbe vya baharini katika pwani ya jirani zetu wa Tanzania. Samaki walio wengi wana kifuko cha hewa ndani ya miili yao, ambacho huwasaidia kupanda na kushuka majini. Mtu akitupa chupa ya baruti baharini, yale aliyotueleza mkufunzi kuhusu mapafu ya mwanadamu ndiyo yanayowapata samaki hao, wakubwa kwa wadogo, wanaolika na wasiolika.

JIWE LENYE UHAI

Uvuvi wa baruti hufanywa zaidi penye miamba ya matumbawe, kwa kuwa hapo ndipo samaki wanapokusanyika. Yafaa basi tujue kwanza matumbawe ni kitu gani.

Mtu akiliokota tumbawe lililokauka ufukoni hudhani ni jiwe tu. Kwa hakika ni nyumba iliyojengwa na wanyama wadogo sana, walioshikamana maelfu kwa maelfu. Kila mmoja huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuifanya kuwa ukuta wa kumhifadhi. Ndani ya mwili wa mnyama huyo huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mnyama hutoa makao, mmea hutoa posho. Wanapokufa, wengine hujenga juu yao, na kwa karne nyingi mwamba huinuka kutoka sakafu ya bahari.

Miamba ya namna hii haifikii hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari zote za dunia. Pamoja na hayo, inakadiriwa kwamba robo ya aina zote za viumbe vya baharini huitegemea miamba hiyo katika sehemu fulani ya maisha yao. Hapo changu na chewa hupata mawindo, pono huparuza majani yaotayo juu ya mawe, na samaki wachanga hujificha wasiliwe. Kwa wanavijiji wa pwani, mwamba ni ghala la chakula, na vilevile ni boma linalovunja nguvu za mawimbi yasije yakala ufuko wao.

SIKIO LA MAJINI

Uvuvi wa baruti ulianza kujulikana katika pwani ya Tanzania katika miaka ya 1960, na sheria ikaupiga marufuku mwaka 1970. Haukufa. Wahalifu walipata baruti iliyovuja kutoka migodini, kwenye machimbo ya mawe na penye ujenzi wa barabara. Walioikosa walichanganya mbolea na mafuta ya dizeli, wakatia fataki na utambi. Zana ya kazi ni chupa. Mtu huwasha, hutupa, hungoja kishindo, kisha huwaopoa samaki wachache wanaoelea. Wengi huzama na kuoza chini bila kumfaa mtu yeyote.

Shida kubwa ya wenye kulinda sheria ilikuwa kukosa takwimu. Kila mtu alisikia milipuko, lakini hapakuwa na aliyeweza kueleza ni mingapi na inapigwa wapi. Mnamo Machi na Aprili 2015, kundi la wataalamu lilisafiri baharini likipitia pwani nzima ya Tanzania, likiwa na vyombo vya kunasa sauti chini ya maji. Walisafiri kilometa 2,692, wakasikiliza kwa muda wa saa 231, na wakathibitisha milipuko 318.

Askari yeyote aliyewahi kufanya upelelezi atavutiwa na matokeo yale. Milipuko ilisikika katika urefu wote wa pwani, lakini karibu asilimia 62 ilitokea katika eneo lisilozidi kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Huko, katika nyakati za kuzidi, ilikaribia milipuko 10 kwa saa moja. Mtu angedhania kwamba mhalifu hujificha katika visiwa vya mbali visivyofikiwa na doria. Kumbe alikuwa jirani ya mji mkubwa kuliko yote, uliko mnunuzi wa samaki na ulio rahisi kupatikana kwa baruti. Wataalamu wenyewe walieleza faida ya kazi yao: ukijua mahali uovu ulipokusanyika, utajua mahali pa kupeleka nguvu zako.

Siandiki haya kwa kumnyooshea jirani kidole. Sisi wa Uganda hatuna bahari, ila tuna ziwa, na hatujasahau kwamba mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wetu kwa sababu walikuwapo watu waliovua kwa sumu. Viwanda vilisimama, na mvuvi mwaminifu alilala njaa pamoja na mwovu. Baruti na sumu ni ndugu wa tumbo moja.

JERAHA LISILOPONA UPESI

Wako watakaouliza: je, mwamba si utaota tena kama mti uliokatwa? Jibu limetolewa na watafiti wawili, Helen Fox na Roy Caldwell, waliochunguza miamba iliyopigwa baruti katika nchi za Indonesia na Ufilipino, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliona kwamba shimo la mlipuko mmoja, lililozungukwa na matumbawe yaliyo hai, huweza kuanza kujaa katika muda wa miaka mitano hadi kumi. Lakini penye milipuko mingi iliyorudiwa, mwamba hugeuka kuwa uwanja wa kokoto. Matumbawe machanga hujaribu kushika hapo, mkondo wa maji huzisukuma kokoto, nayo hufukiwa au hupondwa. Mahali pa namna hiyo hapakuonyesha dalili za maana za kupona kwa miaka yote ya uchunguzi wao.

Mfano wake ni wa askari. Ukuta wenye tundu moja huzibwa na waliosimama pande zote mbili. Ukuta uliobomolewa wote hauna wa kuuziba.

Tena baruti si adui pekee. Maji ya bahari yakizidi joto lake la kawaida, hata kwa kiasi cha digrii moja tu, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, tumbawe huifukuza ile mimea midogo inayolilisha. Hubaki jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi katika upande wetu wa Bahari ya Hindi. Lilirudi mwaka 2016. Kisha kuanzia mwaka 2023 likaenea duniani kwa kiasi kisichopata kuonekana, na hadi kufikia Machi 2025 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la miamba ya dunia lilikuwa limeguswa na joto la kuweza kuyafanya matumbawe kuwa meupe.

Mwishoni mwa mwaka 2021, David Obura wa taasisi ya CORDIO iliyoko Mombasa pamoja na wenzake walitangaza matokeo ya ukaguzi wa miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambayo ni kama asilimia 5 ya miamba yote ya dunia. Waliigawa katika kanda 11, na katika zote hawakuona hata moja iliyo salama. Zote zimo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50, na sababu walizozitaja ni kuongezeka kwa joto na uvuvi uliopita kiasi.

Polisi hawezi kulikamata joto, wala jeshi haliwezi kuliwekea vizuizi barabarani. Hata hivyo mwamba uliotunzwa vizuri una samaki wa kuusafisha na matumbawe ya kuuzalisha upya, na joto likiondoka huinuka. Uliovunjwa kwa baruti hauna cha kuinukia. Kwa sababu hiyo, yule anayezuia mlipuko leo anaupa mwamba nafasi ya kupambana na adui mwingine ambaye yeye mwenyewe hamwezi.

DORIA ISIYOKATIKA

Je, baruti huweza kukomeshwa? Historia ya Tanzania yasema ndiyo, na yasema pia kwa masharti gani.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji wa Mtwara, Lindi na Tanga walichoka kuona miamba yao ikibomolewa, wakapiga kelele na kujitolea kushirikiana na serikali. Jeshi la wanamaji likatumwa, na kuelekea mwisho wa miaka hiyo milipuko ilipungua mno. Lakini nguvu ilipolegezwa, katika miaka ya mwanzo ya 2000, uovu ulirudi. Mtafiti Sue Wells aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 2009 alihitimisha kwamba uvuvi huu umeenea na ni mgumu, ila huweza kuzuilika.

Mwezi Juni 2015 kiliundwa kikosi cha pamoja kilichowakutanisha polisi na maofisa wa uvuvi, misitu na wanyamapori. Hapo wapelelezi hawakumtazama mtupaji wa chupa peke yake. Walimtafuta pia anayemuuzia baruti na anayenunua samaki wake. Miaka michache baadaye wachunguzi walieleza kwamba milipuko imepungua sana. Hata sokoni ushahidi hupatikana: samaki wa baruti akipasuliwa na mtu aliyefundishwa, huonekana damu iliyomwagika ndani, kifuko cha hewa kilichopasuka, na mara nyingine uti wa mgongo uliovunjika.

Kuna mfano mwingine, wa kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja. Mwamba wa upande wake wa magharibi haukuvuliwa kwa miaka mingi, kwa kuwa ulipakana na njia ya meli na eneo la shughuli za kijeshi. Mwaka 1994 ukafanywa hifadhi rasmi, na kazi ya ulinzi wakapewa wavuvi wa vijiji jirani. Hawana silaha. Wanamfuata mvuvi aliyeingia na kumweleza kwa nini samaki wakizaana pale atavua wengi zaidi nje ya mpaka. Leo wamehesabiwa hapo samaki wa aina zaidi ya 400 na matumbawe magumu ya aina zaidi ya 200.

Ndugu askari, huenda ukasema kwamba hayo ni ya watu wa pwani. Fikiri tena. Baruti inayovuja kutoka ghala la machimbo ya mawe haina maandishi yasemayo kwamba ni ya samaki. Sisi tunaoikumbuka Kampala ya tarehe 11 Julai 2010 hatuhitaji kuelezwa jinsi mlipuko unavyoweza kutumika mikononi mwa muuaji. Daftari la ghala lisilokaguliwa, fataki zisizohesabiwa jioni, mlinzi anayepewa chochote ili ageuze uso: hapo ndipo uhalifu wa majini unapoanzia, nchi kavu kabisa, mamia ya kilometa kutoka kwenye bahari.

Mkufunzi wetu alimaliza somo lake kwa kutukumbusha kwamba hakuna handaki ndani ya maji. Samaki hana pa kujificha, na tumbawe halina miguu ya kukimbilia. Utambi ukishawashwa, hapana askari awezaye kufanya lolote. Kazi yetu yote iko kabla ya hapo, katika ghala, katika daftari na barabarani, na ni kazi isiyotaka kulegezwa hata siku moja.