Jino Linalolegea Kabla ya Wakati

Meno ya mbele ya mtoto huanza kung'oka akikaribia miaka 6, na hakuna mzazi anayeshtuka. Lakini gego likianza kucheza mtoto akiwa na miaka 4 au 5, meno ya jirani yakafuata, na shavu likavimba bila maumivu makubwa, hapo tumeshatoka kwenye mambo ya meno. Huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani inayoanzia kwenye seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto zaidi, hasa wa miaka 4 hadi 9, na wavulana huugua karibu mara mbili ya wasichana.

Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alionyeshwa mtoto wa aina hiyo katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mataya yalikuwa yamevimba pande zote, juu na chini. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akakutana na mwingine ambaye hata tumbo lilikuwa limevimba. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita hospitali moja hadi nyingine na picha mkononi, wakiuliza kama kuna aliyewahi kuona mtoto wa namna hii. Majibu yalipowekwa kwenye ramani, mstari ulijichora wenyewe: karibu na ikweta, ukipanda juu ya mita 1,500 hivi, ugonjwa unatoweka.

Sasa tuangalie kwetu. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, Kitale karibu 1,900. Ni miji miwili iliyo pande mbili za mguu wa Mlima Elgon, na mstari wa Burkitt unapita katikati yake. Kilichokuwa kinabadilika si hewa wala chakula, ni mbu. Kwenye baridi vimelea vya malaria hukua polepole ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla havijakomaa. Mtoto wa tambarare za Bungoma anaweza kuugua malaria tena na tena kabla hajaanza shule; wa Kitale mara chache.

Malaria peke yake haileti saratani hii. Mwaka 1964, jijini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waligundua virusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Virusi vya Epstein-Barr huenea kwa mate, na watoto wetu karibu wote huvipata wakiwa wadogo sana, bila madhara yoyote yanayoonekana. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B kuzaana kwa kasi. Katika kuunda kingamwili, seli hizo hukata na kuunga vinasaba vyake zenyewe. Kadiri zinavyofanya hivyo mara nyingi, ndivyo nafasi ya kuunga vibaya inavyoongezeka. Kipande cha kromosomu ya 8 kikiangukia kwenye ya 14, jeni iitwayo MYC huwaka isizimike. Seli iliyoharibika hivyo ingepaswa kujiua, lakini virusi huizuia isife.

Kwa hiyo mtoto mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake saratani hii, na hakuna aliyemroga.

Nina neno kwa wahudumu wenzangu wa afya wa Kitale. Familia nyingi za Trans Nzoia zina kwao Bungoma, na likizo watoto huteremshwa kwa nyanya. Kumwambia mama kwamba huku juu hakuna ugonjwa huo, kwa sababu tu kadi ya kliniki imeandikwa Kitale, ni uzembe. Ulizeni mtoto amelala wapi.

Uvimbe huu ni kati ya saratani za binadamu zinazokua haraka zaidi: seli zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wiki mbili za kung'oa jino, kumeza antibiotiki na kusubiri ni nyingi mno. Kasi hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayoufanya usikie dawa, kwa kuwa kemotherapi hushambulia seli zinazogawanyika. Kwa siklofosfamidi nimeona taya likirudi umbo lake kabla ya wiki kwisha. Siku hizo za kwanza dripu haikosekani, maana seli zinazokufa kwa wingi humwaga taka inayoweza kuziba figo.

Barabara kutoka miji yote miwili huishia Eldoret, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, ambako hospitali ya watoto ya Shoe4Africa ilifunguliwa mwaka 2015. Tafiti za hapo zimeonyesha kuwa wengi hupotea kwa kuacha matibabu katikati, na wenye bima humaliza kuliko wasio nayo. Uvimbe ukiisha machoni, nauli huonekana kubwa.

Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Tarehe za kliniki za mwaka huo haziahirishwi kwa sababu mahindi yamekauka shambani.