Kipimo cha jua kinaandika 1,180: usikimbilie kununua pano

Ni saa sita ya muchana hapa Goma. Asubuhi mvua ilinyesha, sasa mawingu meupe yanapita, na kile kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya paa kinaandika 1,180. Jirani anaona ile namba, anafurahi: jua la kwetu iko kali sana, basi pano moja ndogo itatosha nyumba yote! Hapo ndipo watu wanapoteza feza.

Namba ile ni wati kwa mita mraba, ni kusema nguvu ya jua inayoangukia mita mraba moja iliyolala sawa, kwa wakati ule tu. Pano ya wati 100 inapewa jina hilo kiwandani chini ya mwanga wa 1,000, tena ikiwa na digri 25. Juu ya mabati ya muchana, digri 25 utaipata wapi?

Na 1,180 inatoka wapi? Jua linapita katikati ya mawingu, na pembeni ya mawingu yale meupe inaongeza mwanga mwingine chini. Chombo hakijaharibika. Lakini ngoja kidogo: wingu likifunika jua, namba inaweza kushuka mpaka 250.

Kwa hiyo tafuta jumla ya siku. Kama kituo chako kinatoa wastani wa masaa 24, usiku ukiwa ndani, zidisha mara 24. Tuseme wastani ni 175: unapata wati-saa 4,200 kwa mita mraba, sawa na masaa 4,2 ya jua kamili. Pano ya wati 100 ingetoa 420. Toa robo juu ya joto, nyaya na batri, inabaki kama 315. Televizyo ya wati 40 kwa masaa ine ni 160, na taa tatu za wati 7 kwa masaa matano ni 105. Jumla 265, inatosha. Siku ya mvua yenye jumla ya 2,000, ile pano inakuachia 150 tu. Mwenye kuchajisha simu za watu, ao mwenye frigo ya dawa, ahesabu na siku hii ya pili. Muuzaji yeye atakuonyesha ile ya kwanza.

Mbele ya kuamini namba, angalia chombo chenyewe. Kiwe kimelala sawa, mbali na kivuli cha muti ao ukuta. Usiku kinapashwa kuandika 0. Hapa kwetu vumbi nyeusi ya volkano inakaa juu ya kile kioo kidogo. Panguza na kitambaa laini chenye maji. Namba ikipanda mara moja, basi siku zote zile ulikuwa unaandika jua pungufu.