Je, Wajua? Betri ya Laptopu Huzeeka Hata Ikiwa Imelala

Mwezi wa Februari, mabati ya Soweto West huanza kuwaka jua kabla hata ya saa nne asubuhi. Mtaa huu uko upande wa magharibi wa Kibera, Nairobi, jirani na Kianda, na vyumba vyake vingi ni vya futi 10 kwa 10. Ndani ya chumba cha aina hiyo, joto hupanda na kukaa juu, kwenye ile nafasi iliyo kati ya kabati na paa. Hapo juu ya kabati ndipo mtu mwenye busara huiweka laptopu yake, mbali na watoto, mbali na maji ya mvua yanayoingia mlangoni, mbali na macho ya wapita njia. Laptopu yenyewe haitadhurika. Betri ndiyo inayoliwa polepole, siku baada ya siku, hata kama hakuna aliyeigusa.

Hili ndilo jambo ambalo wenye laptopu wengi hawajaambiwa. Tunadhani betri huchoka kwa kazi, na kwamba ukiihifadhi bila kuitumia unaitunza. Kazi huichosha, ni kweli. Baada ya kujazwa na kuishiwa mara 300 hadi 500 betri nyingi huwa zimeanza kupungukiwa. Lakini kuna uzee mwingine unaokwenda na kalenda, na kinachouharakisha ni joto na kujaa.

Vipimo vinavyotumiwa sana na wataalamu wa betri vinasema hivi. Weka betri kwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, nayo itabaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Iweke kwenye nyuzi hizo hizo ikiwa imejaa kabisa, itabaki na 80. Sasa panda hadi nyuzi 40: ile ya chaji ya asilimia 40 inabaki na 85, na ile iliyojaa inabaki na 65. Mwaka mmoja tu, bila kuandika hata barua moja, theluthi ya betri imekwenda.

Sababu iko ndani ya seli. Betri ya lithiamu-ayoni ina pande mbili: upande mmoja una lithiamu iliyoshikwa na madini, mara nyingi yenye kobalti, na upande wa pili una grafiti. Ukichaji, ayoni za lithiamu huvuka kimiminiko kilicho katikati na kujipenyeza kwenye tabaka za grafiti. Ukitumia laptopu, zinarudi zilikotoka. Safari hiyo ingeweza kuendelea miaka mingi, ila kimiminiko hakipatani na grafiti iliyojaa. Vikigusana hujenga utando mwembamba unaozidi kunenepa kama masizi chini ya sufuria ya stovu, na lithiamu inayonaswa humo hairudi kazini tena. Kwenye upande ule wenye kobalti nako, seli ikifika volti 4.2 ambazo ndizo kujaa kwake, kimiminiko huanza kuharibika. Joto huchochea yote mawili. Wakemia wana kanuni ya jumla kwamba nyuzi 10 zikiongezeka, mmenyuko huenda kasi karibu maradufu.

Kifaa hiki, betri ya lithiamu-ayoni, si cha zamani sana. Sony ya Japani ilianza kukiuza mwaka 1991. John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyokizaa, na Goodenough, akiwa na miaka 97, akawa mtu mzee kuliko wote waliowahi kupewa Nobel. Inaniuma kwamba jina la Rachid Yazami halitajwi vya kutosha. Huyu ni mwana wa Fez, Moroko, ambaye mwaka 1980, akifanya utafiti Grenoble, Ufaransa, alionyesha kwamba grafiti inaweza kupokea lithiamu na kuiachia. Bila upande huo wa grafiti, laptopu tuliyoizoea isingekuwepo. Na kobalti yenyewe, sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani hutoka Kongo, kwenye migodi ya Kolwezi na kandokando yake, ambako wachimbaji husemezana kwa Kiswahili.

Kwa nini basi tunaitunza vibaya? Nadhani ni kwa sababu mikono yetu ilijifunza kwa betri nyingine. Nani hakumbuki betri za redio zilizoanikwa juu ya bati ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari? Zile za Eveready zilitengenezwa Nakuru hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2014, na kuzianika kulisaidia kweli, maana joto liliamsha kemikali zilizobaki kwa muda mfupi. Ukiianika betri ya lithiamu unaiua. Vivyo hivyo ule ushauri wa duka, kwamba kifaa kipya kichajiwe kwa saa nane mfululizo kabla ya kuwashwa, na kwamba betri imalizwe kabisa kila mara: huo ulikuwa wa betri za nikeli. Lithiamu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Haina faida yoyote inayoipata kwa kuishiwa.

Kuishiwa, tena, kuna hatari yake. Fundi akiifungua betri ya zile laptopu kuukuu zinazoitwa ex-UK, mara nyingi anakuta seli sita za duara, kila moja na kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Anagusa ncha zake kwa mita moja baada ya nyingine. Hii volti 3.7, nzima. Hii 3.6, nzima. Hii 1.1. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoshusha betri yote. Seli ikikaa chini sana ya volti 2.5, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kujijenga mahali pasipofaa na kuunganisha pande mbili ambazo hazikutakiwa kukutana. Kwa hiyo fundi anayejitolea kuishtua kwa waya mkataze, hata kama bei yake ni nzuri.

Fikiria laptopu za shule au za kituo cha vijana zilizofungiwa kabatini Machi 2020, shule zilipofungwa, hadi Januari 2021. Betri hujipunguzia chaji yenyewe asilimia chache kila mwezi. Iliyowekwa na asilimia 5 haikuwa na namna ya kufika Januari salama. Iliyojazwa ilifika, ila imezeeka. Kama likizo ni ndefu, izime kabisa ikiwa na nusu ya chaji au pungufu kidogo, uiweke chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua, na kila baada ya miezi miwili mitatu uiangalie. Betri ikiwa ya kuchomoka, ichomoe.

Kwa upande wa joto, Nairobi inatupendelea. Jiji liko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai ni baridi. Mwenzetu wa Mombasa hana bahati hiyo. Tatizo letu ni paa la bati, na paa hukwepwa kwa kushusha kitu sakafuni juu ya kibao.

Kwa matumizi ya kila siku, ushauri wa kutovuka asilimia 80 ni mzuri kwa mtu ambaye laptopu yake haitoki kwenye soketi. Mashine nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji hapo. Lakini kijana anayefanya kazi za mtandaoni usiku, na stima inapotea bila taarifa, anahitaji betri iliyojaa, na mimi simlaumu. Ajaze jioni, aitumie. Kinachodhuru ni kuiacha imejaa wiki nzima, tena kitandani juu ya blanketi ambako haipumui. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport itamwonyesha uwezo betri iliozaliwa nao na uliobaki leo.

Na ikifura? Kibodi inainuka, au ile sehemu ya kugusa inakataa kubonyezeka. Hiyo ni gesi. Acha kuchaji siku hiyo hiyo, usiitoboe, usiibonyeze irudi. Soweto West nyumba zimegusana na gari la zimamoto halipiti vichochoroni, kwa hiyo usiku mmoja wa kungoja ni mwingi mno. Fundi akishaitoa, funika ncha zake kwa selotepu, iweke nje kwenye debe la mchanga mkavu, usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Hapa jijini WEEE Centre hupokea taka za elektroniki, betri hizi zikiwemo.